Vifaa vya klabu vinapokaa nyumbani kwako: mwongozo kamili wa mtunza vifaa

Karibu kila klabu ina mwanachama mmoja ambaye nyumba yake imegeuka stoo. Mara nyingi hakuna aliyempigia kura. Mahema yalishushwa kwake usiku baada ya safari kwa kuwa ndiye aliyekuwa njiani, yakalala hapo, na yakaendelea kulala. Zikafuata taa, jiko, kamba, mipira, na lile sanduku ambalo hakuna anayejua lina nini. Kama wewe ndiye mtu huyo, au kikao kijacho kinaelekea kukuteua, haya ni yako.

Vifaa vingi vya klabu haviharibikii safarini. Vinaharibikia stoo, kati ya safari moja na nyingine. Na kwa kuwa stoo yenyewe ni nyumba wanamoishi watu, kazi yako ni kujua kifaa kinataka nini, na pia kujua wenzako wa nyumbani watavumilia nini. Naanza na hilo la pili kwa sababu ndilo linalorukwa.

Hatua ya 1: Malizana na wa nyumbani kabla ya kuikubalia klabu

Usiombe ruhusa kwa maneno matupu. "Nitaweka vitu vichache vya klabu" ni sentensi ambayo kila mtu huielewa anavyotaka. Kusanya vyote sehemu moja, vionekane ukubwa wake, kisha mwoneshe mwenzako: hivi ndivyo vilivyo, nataka kuviweka hapa, havitavuka hapa. Kama vinaziba mlango au vinachukua kabati la mashuka, bora ijulikane siku hiyo kuliko miezi baadaye.

Kisha zungumzeni kuhusu wageni. Mtunza vifaa hagongewi mlango yeye peke yake. Inagongewa nyumba nzima. Mwanachama anafika jioni watu wakiwa mezani: "Hodi shemeji, nimepitia pampu tu, natoka sasa hivi." Shemeji hajui pampu iko wapi, funguo hajui ziko wapi, na wewe simu yako haipatikani. Likitokea mara mbili tatu, klabu imeshapata adui ndani ya nyumba, na hana kosa. Tangaza siku na saa za kuchukua na kurudisha vifaa, ziwe zile unazokuwepo, na uzisimamie hata kwa mwenyekiti.

La mwisho kwenye mazungumzo haya ni mipaka ya matumizi. Je, umeme ukikatika mnaruhusiwa kuwasha taa ya klabu? Watoto wanaweza kuchezea mpira wa klabu? Mimi huona jibu salama ni hapana kwa yote mawili, kwa sababu siku taa itakapokutwa haina chaji msituni, hakuna atakayeuliza ilitumika kwa shida gani. Na upande wa pili ni vilevile: sufuria ya nyumbani isiende safari ya klabu "kwa leo tu". Itarudi bila mfuniko, au itarudi ya mtu mwingine.

Hatua ya 2: Weka alama, kisha andika

Alama kwanza. Kalamu ya wino usiofutika inatosha kwenye mifuko, plastiki na vitambaa vya rangi nyepesi. Kwenye chuma, rangi kidogo ya kucha hudumu kuliko unavyodhani. Chagua rangi moja ya klabu na uipake kila kitu, hata vigingi vya hema, maana vigingi ndivyo hupotea kwanza na ndivyo hufanana na vya watu wengine mkipiga kambi pamoja.

Weka alama hiyo mahali ambapo hapapunguzi nguvu ya kifaa. Kamba ya kupandia usiiandike katikati kwa wino wowote uliopo. Kemikali za baadhi ya wino zinaweza kudhoofisha nyuzi. Funga utepe mwembamba kwenye ncha.

Daftari lina safu chache tu: jina la kifaa, namba yake, kilinunuliwa lini, hali yake, nani anacho sasa. Safu ya mwaka wa kununuliwa watu huidharau, ila ndiyo itakayokuokoa baadaye kwenye kamba, kwenye mpira wa gesi na kwenye dawa. Ukipenda kutumia jedwali kwenye simu ni sawa, mradi katibu naye aweze kulifungua. Daftari linalosomwa na mtu mmoja hupotea pamoja naye.

Piga picha ya kila kifaa kikiwa kimetandazwa, pamoja na viungo vyake vyote. Miezi sita baadaye, mtu akikurudishia hema, hutakumbuka kama lilikuwa na nguzo mbili au tatu. Picha itakumbuka.

Hatua ya 3: Chagua mahali, na ujue kipi hakikai na kipi

Mahali pazuri ni pakavu, pana kivuli, pana hewa, na hapapati joto kali. Chini ya bati lisilo na dari ni pabaya kwa karibu kila kitu: gundi huachia, betri huzeeka haraka, dawa huharibika. Sakafu tupu nayo hupandisha unyevu, kwa hiyo inua kila kitu juu ya mbao au rafu.

Jambo moja lisilofahamika sana: kamba za nailoni zisikae karibu na betri za gari. Asidi ya betri, hata mvuke wake, inaweza kukata nguvu ya kamba bila kuacha doa lolote unaloliona. Kamba itaonekana nzima, itashikika vizuri, na itakatika siku ya uzito. Ziwekeni vyumba tofauti kabisa. Kama kamba imewahi kugusana na asidi au hujui ilikaa wapi, iondoe kwenye kazi ya kubeba watu. Ifanye ya kuanikia nguo.

Petroli na mitungi ya gesi haviingii stoo ya ndani, na nitalirudia hilo kwenye hatua yake.

Hatua ya 4: Betri

Hapa ndipo fedha nyingi za klabu hupotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Betri za kawaida za kutupwa, zile za alkali, zina potasiamu hidroksidi ndani. Zikiachwa kwenye tochi kwa miezi huvuja, na kile kitu cheupe kama chumvi unachokikuta kwenye springi ndicho mabaki yake. Sheria ni nyepesi: tochi ikirudi stoo, betri zinatoka. Ziweke kwenye kifuko kilichofungwa kwenye tochi hiyohiyo, ili mtu asianze kuzitafuta usiku.

Ukikuta tochi imeshavuja usiitupe mara moja. Vaa glavu, kinga macho, toa betri kwa uangalifu. Chovya kijiti cha pamba kwenye siki au maji ya limau, gusa yale meupe. Yatatoa mapovu kidogo kwa sababu asidi hafifu inaua nguvu ya alkali. Sugua taratibu mpaka mapovu yaishe. Futa kwa kijiti kingine chenye spiriti ili siki isibaki ikala chuma, acha ikauke wazi kabisa, kisha pitisha msasa laini kwenye springi mpaka ionekane inang'aa. Weka betri mpya. Ikiwaka, umeokoa kifaa kwa kazi ya nusu saa. Kama springi imeliwa mpaka imekatika, basi imekwisha, usihangaike nayo.

Usichanganye betri mpya na za zamani, wala aina mbili ndani ya kifaa kimoja. Iliyochoka huishiwa kabla ya wenzake, wenzake wanaendelea kuisukumia umeme kinyume, na hapo ndipo huvuja.

Betri za kuchaji zenye umbo lilelile, zile za nikeli, zina volti 1.2 badala ya 1.5. Vifaa vingi haviijui tofauti hiyo, ingawa taa nyingine zitaonyesha alama ya chaji ndogo hata zikiwa zimejaa. Kwa klabu inayotoka mara kwa mara ninazipendelea sana. Nunua zile zilizoandikwa kwamba hushikilia chaji zikiwa zimekaa. Za kawaida huweza kuisha zenyewe kabatini ndani ya miezi michache.

Kisha kuna lithiamu: pawabenki, taa za kuchaji, redio za mkononi, simu. Hizi hazipendi kukaa zimejaa kabisa wala kukaa tupu. Kama kifaa kitapumzika mwezi au zaidi, kiache karibu nusu ya chaji, mahali penye ubaridi wa kawaida, na ukiangalie kila baada ya miezi mitatu hivi. Usiku wa kuamkia safari ndipo ukijaze. Ikivimba, hata kidogo, hata kama bado inafanya kazi, kazi yake imeishia hapo: usiichaji, usiitoboe, usiitupe kwenye taka za nyumbani. Iweke nje mbali na vitu vinavyoungua mpaka uipeleke wanakopokea taka za umeme. Na pawabenki zisichajiwe juu ya kitanda au kochi, wala wakati nyumba nzima imelala.

Ushauri wa manunuzi unaokwenda na hili: kabla ya kununua taa za klabu, amueni aina moja ya betri na mshikamane nayo. Klabu yenye tochi nne zinazotumia betri za aina nne haina akiba ya betri hata ikiwa na sanduku zima.

Hatua ya 5: Hema, mifuko ya kulalia na mabegi

Hema lililorudi likiwa na unyevu na likaachwa kwenye mfuko wake, kwenye joto, linaweza kuanza kuota ukungu ndani ya siku moja au mbili. Harufu ile haitoki tena sawasawa. Kwa hiyo utaratibu wa kurudi ni muhimu kuliko utaratibu wa kuondoka, na ndio unaohitaji uvumilivu wa familia, kwa sababu kwa siku nzima kutakuwa na kitambaa kikubwa kinaning'inia mahali ambapo watu wanapita.

Fanya hivi. Litikise mchanga na majani lote likiwa bado limesimama, mlango ukiwa umeelekezwa chini. Futa matope kwa sponji na maji ya baridi. Pakiwa pachafu sana tumia sabuni laini kidogo. Usiliingize kwenye mashine ya kufulia, usilipige pasi, usitumie sabuni ya unga yenye nguvu wala dawa ya kung'arisha: vinaondoa ile ngozi nyembamba ya plastiki iliyo upande wa ndani inayozuia maji. Lianike kivulini. Jua kali hukausha haraka, kweli, lakini mionzi yake hudhoofisha nailoni na poliesta, na hema lililosimama juani majira mazima huanza kuchanika kwa kidole.

Kabla ya kulikunja gusa mishono na pembe. Kitambaa cha katikati hukauka mapema, mishono hubaki na maji. Mkono ukihisi ubaridi, bado.

Likunje kwa kulilegeza na uliweke kwenye mfuko mkubwa wa kitambaa, au hata foronya ya zamani, badala ya kulibana kwenye ule mfuko mwembamba uliokuja nalo. Mfuko wa kiwandani ni wa safari. Mifuko ya kulalia nayo ni hivyo hivyo: ikibanwa miezi, ule ujazo wake unaoshika joto hausimami tena vizuri. Itundike au iweke imelegea.

Siku moja utafungua hema la zamani na kukuta ndani kunanata kama peremende, na vipande vinabanduka. Hiyo ni ile ngozi ya ndani imeanza kuoza kwa unyevu wa muda mrefu. Hakuna dawa ya uhakika. Lifute kwenye daftari, ukate madirisha ya wavu, zipu na kamba zake ziwe vipuri.

Nguzo za alumini zenye mpira ndani zisukume zinapopita kwenye mikono ya hema, usizivute. Ukivuta zinaachana katikati. Unapozikunja anza katikati kwenda nje, ili mpira usivutwe wote kuelekea upande mmoja. Zipu ikigoma usiilazimishe. Isafishe meno kwa mswaki wa zamani, kisha pitisha kipande cha mshumaa. Ikiwa inafunga lakini meno yanaachana nyuma yake, mara nyingi kile kichwa cha zipu kimepanuka: kibane kwa koleo kidogo sana, upande mmoja halafu mwingine, ukijaribu kila mara. Ukikibana kwa nguvu mara moja utakivunja.

Hatua ya 6: Moto, gesi na jenereta

Hapa sina utani. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini na kujikusanya sakafuni, kwenye mashimo na chini ya vitanda. Mtungi wa klabu ukae nje, umesimama wima, penye hewa inayopita, mbali na moto na mbali na mfereji ulio wazi. Mwenye nyumba au jirani akipinga, basi mtungi hautunzwi kwako, na klabu itafute pengine.

Kila mara unapounga mtungi na jiko, pima uvujaji kwa povu la sabuni. Changanya sabuni na maji, paka kwenye maungio na kando ya mpira wote, fungua gesi, angalia. Mapovu yakikua, funga, kaza au badilisha. Kupima kwa kiberiti kusifikiriwe hata kwa mzaha. Ukiukunja mpira wa gesi ukaona nyufa ndogondogo, badilisha siku hiyo. Kuna tarehe kwenye mipira mingi, isome.

Hakuna jiko, mkaa wala jenereta ndani ya hema au chumba, hata kama mvua inanyesha, hata kama "tunapasha maji tu". Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Makaa yanayoonekana yamezimika bado huitoa. Mtu huumwa kichwa, husikia kichefuchefu, hulegea, akadhani ni uchovu wa safari, akalala. Andika sheria hii kwenye karatasi na uibandike kwenye sanduku la jiko lenyewe.

Jenereta huuawa na kupumzika. Petroli huanza kuchakaa ndani ya miezi michache na huacha gundi kwenye kabureta. Kama haitatumika muda mrefu, funga koki ya mafuta injini ikiwa inaunguruma na uiache imalize yaliyomo mpaka ijizime, kisha mwaga ya kwenye tangi. Au iwashe kila mwezi kwa robo saa ikiwa na mzigo wa kweli, taa kadhaa au pasi. Kiwango cha mafuta ya injini angalia kila unapoiwasha. Na petroli ikae kwenye dumu lililotengenezwa kwa kazi hiyo, nje, si kwenye chupa ya maji ya kunywa.

Hatua ya 7: Nyaya

Ekstensheni ya kuzungushia ikitumika bado imeviringwa kwenye gurudumu lake, joto halina pa kutokea na plastiki inaweza kuyeyuka. Ifungue yote, hata kama unahitaji mita mbili tu.

Hesabu ya mzigo ni ya darasani: gawa wati kwa volti upate ampea. Kwenye umeme wa volti 230, birika la wati 2,300 linavuta ampea 10 peke yake. Soma kwenye gurudumu la ekstensheni inabeba ngapi, utajua kwa nini birika na jiko la umeme kwenye waya mmoja wa shereheni huleta harufu ya kuungua. Waya uliopata moto mkononi umeshakuambia.

Hatua ya 8: Vidogo vidogo

Mipira. Sheria za soka zinataka mpira wa watu wazima uwe na mzingo wa sentimita 68 hadi 70, uzito wa gramu 410 hadi 450 mchezo unapoanza, na mgandamizo wa 0.6 hadi 1.1 wa angahewa. Pampu yenye geji hugharimu kidogo na huokoa mipira mingi inayopasuka mishono kwa kujazwa kwa kubahatisha. Lowesha sindano kabla ya kuichomeka. Sindano kavu huchana vali. Mpira unaopumzika mwezi mzima upunguze upepo kidogo.

Kamba za kupandia zilizotengenezwa kwa nailoni haziruhusiwi na watengenezaji wengi kuzidi miaka 10 hata kama hazijawahi kuguswa, na zinazotumika kila wiki hudumu muda mfupi zaidi ya hapo. Ndiyo maana ya ile safu ya mwaka wa kununua.

Madumu ya maji: osha kwa sabuni, kisha kijiko 1 cha chai cha dawa ya kung'arishia nguo isiyo na manukato katika lita 1 ya maji, tikisa ifike kila pembe, mwaga, suuza, yaache yakauke vifuniko vikiwa wazi. Dumu lililofungwa likiwa na unyevu litanuka.

Sanduku la huduma ya kwanza lifunguliwe baada ya kila safari, sio kabla ya ijayo. Plasta na glavu huisha bila mtu kusema. Dawa zilizopita tarehe zitoe. Usiziache "kwa dharura". Kwenye mfuniko andika orodha ya vilivyomo, na tarehe iliyo karibu zaidi kuisha.

Hatua ya 9: Kabla ya kununua kingine

Klabu hupenda kununua. Mweka hazina akisema kuna salio, kila mtu ana pendekezo. Kazi yako ni kuuliza maswali matatu ya kuchosha: kikiharibika kinafunguliwa kwa skrubu au kimegundishwa? Vipuri vyake vinapatikana? Tuna pa kukiweka? Kifaa kilichofungwa kwa skrubu kinatengenezeka na fundi yeyote. Kilichogundishwa kinatupwa.

Ukinunua taa au redio za nje, soma herufi za IP, yaani kipimo cha kifaa kustahimili vumbi na maji, maana maneno "haipenyi maji" hayana kipimo. IPX4 inastahimili maji yanayorushwa kutoka kila upande, yaani mvua ya kawaida. IPX7 inastahimili kuzama mita 1 kwa dakika 30. Kwa matembezi ya kawaida IPX4 inatosha. Watu wa mitumbwi watake IPX7. Kipimo hicho ni cha kifaa kipya. Mpira wa kuzuia maji ukikauka au kuingia mchanga, namba haina maana tena. Ufute na uupake grisi ya silikoni kidogo.

Mabegi na jezi: vuta mshono kwa mikono miwili ukiutazama kwenye mwanga. Ukiona matundu ya sindano yanafunguka, rudisha kwenye rafu. Fungua na ufunge zipu mara kumi dukani bila aibu.

Hatua ya 10: Kutoa, kupokea na kudai

Hakuna kifaa kinachotoka bila jina, tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi. Hata kwa rafiki yako. Hasa kwa rafiki yako, maana huyo ndiye huwezi kumdai. Daftari linakudaia bila ninyi kukosana: unamtumia picha ya ukurasa, humtumii lawama.

Kinaporudi, kifungueni mkiwa wote wawili. Dakika tano tu: hema litandazwe, tochi iwashwe, vigingi vihesabiwe. Kilichoharibika kiandikwe papo hapo na kisitafutiwe mkosaji. Klabu inayowatoza watu kila kinapovunjika kitu itaanza kurudishiwa vitu vilivyovunjika kimyakimya, na utavigundua msituni. Mimi nashauri klabu ilipe uchakavu wa kawaida, na mwanachama alipe kilichopotea au kilichotumika kwa kazi isiyo yake, kama hema la klabu kupelekwa shughuli ya binafsi.

Kwa fedha za kubadilisha vifaa, njia iliyo wazi ni hii: chukua bei ya kifaa, igawe kwa miaka unayotarajia kidumu, na kiasi hicho kitengwe kila mwaka. Hema la miaka 5 linahitaji sehemu moja ya tano ya bei yake iwekwe kando kila mwaka. Jumlisha kwa vifaa vyote, peleka namba hiyo moja kwenye mkutano mkuu. Wanachama wataguna. Lakini waguna mara moja kwa mwaka, badala ya kuchangishwa ghafla wiki moja kabla ya safari.

Na gharama zako? Sabuni, msasa, umeme wa kuchaji, nauli ya kupeleka jenereta kwa fundi. Weka risiti na udai. Watunza vifaa wengi huona haya, wanajilipia, kisha kinyongo kinaanza nyumbani: fedha ya matumizi imeenda kwenye betri za watu.

Hatua ya 11: Siku ya kukabidhi

Weka muda wa kuhudumu tangu mwanzo, mwaka mmoja au miwili, uingie kwenye kumbukumbu za kikao. Bila hivyo utakuwa stoo ya maisha.

Kukabidhi kufanyike mchana, mkiwa watatu: anayetoka, anayeingia, na mmoja wa kamati. Someni daftari mstari kwa mstari huku kila kifaa kikiguswa. Kisichoonekana kiandikwe "hakipo" na wote watatu watie sahihi. Kisiachwe na maelezo ya "nadhani kiko kwa fulani". Mpe mwenzako picha zote, risiti zenye udhamini unaoendelea, namba za mafundi, na tabia za kila kifaa ambazo hazipo kwenye kitabu chochote: jenereta inataka choki nusu asubuhi, hema kubwa zipu ya kushoto ifungwe taratibu, pampu ya bluu huvuja ukiishika kwa pembeni.

Funguo za stoo zirudi siku hiyohiyo, na kwenye kundi la klabu litumwe tangazo lenye jina, siku na saa za mtunza vifaa mpya. Lisomeke mara mbili ikibidi, maana kwa wiki kadhaa bado kuna watakaokuja kubisha hodi kwako.